Ofa ya tiketi ya ndege ukinunua unga na mafuta, piga hesabu kwanza

Watu wa Malindi, ukiona supamaketi watoa tiketi ya Nairobi ukinunua vitu vya elfu kumi, usikimbilie kujaza troli. Soma masharti yale ya herufi ndogo, maana mara nyingi "bure" ni nauli tu, kodi na ada walipa mwenyewe, na Desemba ofa haifanyi kazi. Sasa andika vitu ambavyo ungenunua hata bila ofa, tuseme vya elfu sita, basi ile elfu nne iliyobaki ndo bei yako ya tiketi, jumlisha ada halafu linganisha na tiketi ya kawaida ya siku hiyohiyo, au basi mpaka Mombasa kisha treni ya SGR. Wa Lamu ongezeni na boti ya kuvuka Manda, kwenye uwanja wa ndege. Hesabu ya ofa ikitoka chini chukua, ila risiti usitupe.