SOMO: Kompyuta ya Ubuntu inagoma kuwaka mtandao ukikosekana

Wakuu, tatizo hili hujitokeza sana umeme ukikatika na kurudi. Kompyuta inawaka kabla ruta haijakaa sawa, inaganda kwenye maandishi, na mwenye mashine anakimbilia kupiga Ubuntu upya. Tafadhali usifute kitu. Mara nyingi mashine ni nzima, inasubiri tu mtandao, na kazi yako ni kumjua anayeisubirisha.

1. Soma skrini kabla ya kugusa chochote

Nembo ikiziba maandishi, bonyeza Esc. Ukiona `A start job is running for Wait for Network to be Configured`, ipe mashine dakika tatu kamili. Hata pembeni pakiandikwa `no limit`, huduma hiyo hukata tamaa yenyewe baada ya sekunde 120 na mashine inaendelea. Wengi huzima kwa kushikilia kitufe kwenye dakika ya kwanza, na huko ndiko faili zinakoharibikia.

Ukiona `You are in emergency mode` (hali ya dharura, unapata mstari wa amri tu), ruka hadi hatua ya 4.

2. Kama haipiti kabisa

Washa upya na ufungue menyu ya GRUB (programu inayoiwasha Ubuntu): shikilia Shift kwenye mashine za BIOS ya zamani, au gusagusa Esc kwenye za UEFI (mrithi wa BIOS kwenye mashine mpya). Bonyeza `e`, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, acha nafasi moja, andika:

`systemd.mask=systemd-networkd-wait-online.service`

Kisha Ctrl+X. Hii inafanya kazi kwa kuwaka huku tu, haibadilishi chochote kwenye diski.

3. Mtafute mkosaji

`systemd-analyze blame | head`
`journalctl -b -p err`

Huduma yenye `wait-online` ikiongoza orodha kwa takriban dakika 2, fungua faili lililomo `/etc/netplan/` (ndimo Ubuntu inamoweka mipangilio ya mtandao) na chini ya jina la kadi ya mtandao ongeza:

`optional: true`

Tumia nafasi, kamwe usitumie Tab, YAML (muundo wa faili hilo) itaikataa. Jaribu kwa `sudo netplan try`, ambayo hurudisha mpangilio wa zamani usipothibitisha ndani ya sekunde 120.

4. Diski za mtandao kwenye `/etc/fstab`

Hapa ndipo penye kazi. Faili hili ni orodha ya diski za kufungua mashine ikiwaka. Mstari wa NFS (folda ya mtandao ya Linux) au wa folda ya Windows ukikosa seva, kwa kawaida unachelewesha tu, kama sekunde 90. Lakini diski ya iSCSI (iliyo kwenye seva, inayofikiwa kwa mtandao) iliyoandikwa kama `ext4` bila `_netdev` (alama kwamba inahitaji mtandao) mfumo unaidhania ni diski ya ndani. Isipoonekana, unasimamisha kila kitu na kukutupa emergency mode. Ingia hapo kwa neno la siri la root, au Enter ikikuruhusu, halafu:

`mount -o remount,rw /`
`nano /etc/fstab`

Mstari wa NFS uwe hivi:

`192.168.1.10:/data /mnt/data nfs _netdev,nofail,x-systemd.automount,x-systemd.mount-timeout=15s 0 0`

Ule wa iSCSI uongezee `_netdev,nofail` (`nofail` maana yake diski isipopatikana, mashine iendelee kuwaka). Kagua kwa `findmnt --verify`, kisha `systemctl daemon-reload`.

Mwisho chomoa kebo ya mtandao kwa makusudi, washa upya, uone. Usimrudishie mteja mashine ambayo hujaijaribu ikiwa haina kebo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kwa nini nisiizime tu hiyo wait-online nimalizane nayo?
Kwenye kompyuta ya mezani, izime. Hapo kwa kawaida inaitwa `NetworkManager-wait-online.service`. Kwenye seva fikiria kwanza. Hifadhidata iliyopangwa kusikiliza kwenye IP maalumu itaanza kabla IP haijapatikana, na itafeli. Bora upunguze muda: `sudo systemctl edit systemd-networkd-wait-online.service`, uandike:

`[Service]`
`ExecStart=`
`ExecStart=/usr/lib/systemd/systemd-networkd-wait-online --any --timeout=20`

Ule mstari wa `ExecStart=` ulio mtupu usisahau kuuandika. Bila huo, amri ya zamani nayo itaendeshwa na utasubiri vilevile.

Seva yangu ina matundu mawili ya kebo, natumia moja, na mtandao upo. Mbona bado inasubiri?
Inasubiri kila kadi iliyotajwa kwenye netplan. Ile isiyo na kebo ipe `optional: true`.

Yangu inaandika PXE-E61 kisha inakwama. Nifuate somo hili?
Hapana, mdau. Huko Ubuntu haijafikiwa bado. Mara nyingi BIOS imekosa diski ya kuwashia, ikajaribu kuwaka kupitia mtandao (ndiyo PXE), nako haikukuta kebo. Ingia BIOS uangalie kama diski inaonekana. Haionekani? Kaza waya wa SATA na wa umeme. Inaonekana? Ipandishe juu kwenye mpangilio wa kuwaka. Mpangilio ukijirudia kila umeme ukikatika na saa nayo ikirudi nyuma, badilisha betri ya CR2032 kwenye ubao mama.