Umeshaokoka, Jumatatu Ufanye Nini? Kazi ya Kuvua na Kuvaa

Sala ya toba haimalizi dakika tatu. Kinachofuata ndicho huchukua miaka, na wengi hawaambiwi namna ya kukifanya. Huambiwa tu "simama imara katika wokovu", kisha ibada inafungwa.

Waefeso 4:22–32 ina utaratibu wake. Paulo anataja mambo mawili yanayokwenda pamoja: kuvua utu wa kale na kuvaa utu mpya. Tazama anavyomshughulikia mwizi katika mstari wa 28. Hamwambii aache kuiba tu. Anamtaka afanye kazi kwa mikono yake, halafu apate cha kumgawia mhitaji. Aliyeacha kuiba bila kufika kwenye kazi na kugawa ni mwizi aliye likizo. Hapo ndipo wengi hurudi nyuma: wanavua, hawavai, na baada ya wiki chache nguo ya zamani inarudi mwilini.

Chukua daftari. Kwenye ukurasa mmoja chora safu tatu: ninachovua, ninachovaa, na ni wapi au saa ngapi jambo hili hunikuta. Andika jambo moja tu, lenye sura. "Niwe na upendo" halifai, kwa sababu jioni huwezi kujua kama umelifanya. "Naacha kusema niko njiani nikiwa bado nyumbani, nitasema nilipo hata kama mtu atakasirika" linafaa. Kama ni ukali kwa watoto, angalia safu ya tatu: pengine huja saa moja jioni, ukiwa na njaa na umetoka kwenye foleni. Basi kula kwanza, au kaa nje dakika kumi kabla ya kuuliza habari za shule. Hilo nalo ni jambo la kiroho. Kaa na ukurasa huo mmoja mwezi mzima.

Kusoma Neno: anza na Marko, sura 16, sura moja kwa siku. Kisha Waefeso (sura 6) na Yakobo (sura 5). Hiyo ni kazi ya siku 27. Wanaoanza na Mwanzo wakikusudia kumaliza Biblia nzima mara nyingi hukwama kwenye vipimo vya hema, nusu ya pili ya Kutoka, halafu hujiona wameshindwa imani. Dakika 20 zinatosha: kumi za kusoma kwa sauti, tano za kuandika mstari mmoja na tendo moja la siku hiyo, tano za kuomba kuhusu tendo hilo hilo. Tumia Biblia ya karatasi. Iliyo kwenye simu huja na ujumbe wa watu wote.

Sehemu ngumu ni kurejesha. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanzania ulijulikana kwa hili: waliookoka walitubu wazi, wakarudisha walivyoiba na kulipa madeni. Siku hizi tumebaki na ushuhuda, marejesho tumeyaacha njiani. Orodhesha watu uliowakosea, kosa lenyewe na thamani yake. Zakayo aliahidi kulipa mara nne (Luka 19:8). Hesabu 5:7 inataka kiasi kamili na kuongeza sehemu ya tano. Aliyechukua 50,000 anarudisha 60,000. Huna fedha zote? Nenda hivyo hivyo, mkubaliane awamu na tarehe.

Ukifika, taja kosa kwa jina lake: "Nilichukua fedha ya duka lako. Nilikosa. Naomba unisamehe, na hii ni sehemu ya deni." Usiseme "shetani alinipitia", na usiongeze "lakini na wewe". Usidai usamehewe papo hapo. Mwenye mali akiwa amefariki, wapelekee warithi wake.

Kuna mahali pa kujihadhari. Kipimo cha kuungama kiwe ukubwa wa kosa: la moyoni, kwa Mungu na mtu mmoja wa kuaminika, la mtu, kwa mtu huyo, la hadharani, hadharani. Kusimama kanisani na kutaja uliyezini naye ni kumvunjia nyumba yake bila ruhusa yake. Usiende peke yako kwa mpenzi wa zamani "kuomba msamaha". Zungumza kwanza na mchungaji. Kama kosa ni jinai, pata pia ushauri wa mwanasheria. Na aliyekuwa akipigwa anaweza kusamehe bila kurudi kuishi na mpigaji.

Tafuta watu wawili wa jinsia yako, mkutane kwa muda wa saa moja kila wiki. Kila mmoja afungue daftari, aseme wapi alianguka, aombewe. Habari za asiyekuwepo zisiingie, hata kwa kisingizio cha "tumwombee ndugu fulani". Huo ni umbea wenye amina mwishoni.

Kufunga: anza na siku moja, asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ukinywa maji. Fedha ya chakula cha mchana mpe mwenye njaa, kama Isaya 58:7 inavyoelekeza. Mjamzito, mwenye kisukari na anayetumia dawa wafunge kitu kingine, kwa mfano mitandao. Wala usiache dawa kwa sababu umeombewa. Aliyekuwa mlevi wa kila siku apite hospitali kabla ya kuacha ghafla, maana mwili uliozoea pombe unaweza kutetemeka na hata kuingia degedege.

Utaanguka. Tubu siku hiyo hiyo (1 Yohana 1:9), tengeneza ulichoharibu, kisha urudi kwenye safu ya tatu: ilikuwa saa ngapi, wapi, na nani? Kama njia ya kutoka kazini inapita mlangoni kwa baa, badilisha njia. Kuomba nguvu zaidi huku ukipita pale pale kila jioni ni kujitesa.

Mwezi ukiisha, muulize mtu anayeishi nawe, si mwenzako wa kwaya: mke, mume, mtoto, dada wa kazi. Swali liwe moja: "Jambo hili limepungua?" Usijitetee. Akisema bado, ukurasa ule ule unaendelea. Akisema limepungua, mwulize la pili linalomsumbua, uliandike juu ya ukurasa mpya.