Kuendesha gari polepole kwenye vilima vya Marche, Italia

Marche ni mkoa wa Italia ulio kati ya milima ya Apenini na bahari ya Adriatiki, upande wa mashariki. Wageni wengi huishia Toscana, ng'ambo ya milima, kwa hiyo huku unaweza kuingia mji wa kale wakati wa asubuhi ukakuta wenyeji wanakunywa kahawa na hakuna basi hata moja la watalii. Ninaupenda mkoa huu kuliko sehemu nyingine yoyote ya Italia, na ninaamini kuna namna sahihi ya kuuzunguka.

Anza na umbo la nchi. Mito inashuka kutoka milimani kwenda baharini sambamba, kama meno ya kitana: Metauro, Esino, Potenza, Chienti, Tenna, Aso, Tronto. Kati ya mto na mto kuna mgongo wa vilima, na watu wa zamani walijenga miji yao juu ya migongo hiyo. Barabara za haraka zinapita mabondeni pamoja na viwanda na maghala. Zile za mgongoni ni nyembamba, zimejaa kona, na kila baada ya dakika chache unaona bonde kushoto na bonde kulia.

Kwa hiyo panga safari kwa migongo, usipange kwa orodha ya miji. Mgongo mmoja kwa siku, kilomita 60 au 70, basi. Na uwe na ratiba ya jua: asubuhi panda kutoka upande wa bahari kuelekea milimani, alasiri shuka kurudi upande wa bahari. Ukifanya hivyo jua linakuwa nyuma yako mara zote mbili, halikuchomi macho kwenye kona, na milima iliyo mbele yako asubuhi inapigwa na mwanga vizuri. Anayeendesha kinyume chake huiona nchi hii kupitia kioo kilichojaa mng'ao.

Ramani ya simu itakupinga. Kazi yake ni kukufikisha haraka, na kila mara itakuvuta bondeni. Kuzima barabara za kulipia hakusaidii sana, kwa sababu hata barabara kubwa ya bonde la Chienti ni ya bure. Dawa ni kuweka vituo vya katikati. Kwa mfano, ukitoka Pedaso pale baharini kwenda Amandola, weka Moresco, kisha Monterubbiano, kisha Petritoli, kisha Santa Vittoria in Matenano. Hapo simu haina ujanja, itabidi ikupitishe juu. Na ukiona kibao cha buluu kimeandikwa SP na namba, hiyo ni barabara ya jimbo, na mara nyingi ndiyo unayoitaka. Kibao cha kijani ni cha barabara kuu ya kulipia. Cha kahawia kinaonyesha mambo ya kale na vivutio.

Sasa gari. Chukua dogo. Malango ya miji hii yalijengwa kwa ajili ya punda na mikokoteni. Magari mengi ya kukodi Italia ni ya gia za mkono, kwa hiyo kama umezoea otomatiki, agiza mapema. Mwenye leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida anatakiwa awe pia na kibali cha kimataifa cha kuendesha, na akibebe pamoja na leseni yenyewe.

Sisi tuliojifunzia udereva upande wa kushoto tunahitaji siku ya kwanza iwe nyepesi. Italia wanaendesha kulia. Barabarani penye magari mengi hutasahau, maana unafuata wenzako. Hatari iko asubuhi, unapotoka kwenye shamba ulikolala, barabara ni tupu, na mwili unakwenda wenyewe upande uliouzoea. Mimi humwomba aliyekaa pembeni aseme kwa sauti "kulia" kila tunapoingia barabarani. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume cha saa, na kwa kawaida unawapisha waliokwisha kuingia, wanaotokea kushoto kwako. Kwenye njia panda isiyo na alama yoyote, mpishe anayetokea kulia.

Mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa mjini, 90 kwenye barabara za kawaida nje ya mji, 110 kwenye barabara kubwa za njia mbili mbili, na 130 kwenye barabara kuu za kulipia. Mgongoni huko hutafika hata 60, na hakuna haja. Nje ya mji taa za mbele ziwake hata mchana. Kwenye mteremko mkali punguza gia kabla ya kona, uweke namba mbili, uiache injini ishike gari badala ya kukanyaga breki njia nzima. Mahali pembamba ambapo magari mawili hayapishani, anayeshuka ndiye humpisha anayepanda. Ukiona gari la mwenyeji limekukaribia nyuma, usishindane naye. Washa indiketa ya kulia, ingia pembeni penye nafasi, mwache apite. Anakwenda kazini, wewe umekuja kutazama.

Jambo litakalokugharimu pesa ni herufi tatu: ZTL. Ni eneo la katikati ya mji ambako magari ya wasio wakazi hayaruhusiwi, na kamera hupiga picha namba ya gari. Faini huja baadaye kupitia kampuni iliyokukodisha gari, ikiwa na ada yao juu yake. Alama ni duara jekundu lenye nyeupe katikati. Taa ya maandishi ikisema "varco attivo", kamera inafanya kazi, usiingie. Usifuate gari lililo mbele yako, huenda dereva wake ni mkazi. Egesha nje ya ukuta. Mistari ya buluu ni ya kulipia, myeupe ni bure, ya njano imetengwa kwa watu maalumu. Mahali pengine penye mistari myeupe utakuta kibao cha muda. Hapo unaweka kadi yenye mshale wa saa nyuma ya kioo, kuonyesha ulifika saa ngapi.

Mara nyingi ninasafiri na mama yangu mdogo, ambaye hutembea kwa fimbo, kwa hiyo ninatazama ngazi kabla ya kutazama makanisa. Miji hii ni mikali kwa magoti. Urbino, kwa mfano, egesha Borgo Mercatale, chini ya ukuta, halafu upande kwa lifti. Ukiwa na miguu mizuri, panda kwa njia ya mzunguko iliyosanifiwa na Francesco di Giorgio Martini katika karne ya 15, ambayo farasi waliweza kuipanda. Juu kuna jumba la mtawala Federico da Montefeltro, na ndani yake mchoro mdogo wa Piero della Francesca wa Kristo akipigwa mijeledi. Upe muda mchoro huo. Nyumba alikozaliwa mchoraji Raffaello mwaka 1483 ipo mtaa wa juu. Makumbusho mengi ya Italia hufungwa Jumatatu, kwa hiyo Urbino isiangukie siku hiyo.

Kutoka Urbino shuka uende Gola del Furlo, korongo ambalo barabara ya Kirumi, Via Flaminia, ilipenya. Barabara mpya inapita ndani ya mahandaki na hutaona kitu. Fuata vibao vya Furlo uingie ile ya zamani. Kuna handaki lililochongwa kwenye mwamba kwa amri ya Kaisari Vespasiano, karibu mwaka 76, na magari hupita humo. Pita taratibu, halafu simama mbele uone alama za patasi ukutani.

Frasassi, karibu na Genga, kuna mapango yaliyogunduliwa mwaka 1971. Ndani ni nyuzi 14 mwaka mzima, kwa hiyo beba sweta hata kama nje ni Julai. Kutoka hapo ni karibu kufika mgongo wa Staffolo, Cupramontana na Maiolati Spontini, nchi ya mizabibu ya Verdicchio, divai nyeupe ya huku. Dereva na akumbuke kwamba kiwango cha pombe kinachoruhusiwa ni gramu 0.5 kwa lita moja ya damu, na kwa mwenye leseni isiyotimiza miaka mitatu ni sifuri.

Kulala, tafuta agriturismo. Kwa sheria ya Italia lazima liwe shamba linalofanya kazi kweli, si hoteli iliyopandwa maua. Chagua vituo viwili au vitatu tu kwa safari nzima: kimoja kaskazini karibu na Urbino, kimoja katikati kama Cingoli au San Ginesio, kimoja kusini kati ya Amandola na Offida. Kaa siku kadhaa kila mahali. Siku ya pili ndipo mama mwenye shamba anapoanza kukuambia ni barabara ipi imemomonyoka na jibini bora lipo kwa nani.

Kula kuna saa zake. Majiko ya mikahawa hufanya kazi kuanzia kama saa sita na nusu mchana hadi saa nane na nusu, kisha hufungwa hadi jioni, saa moja na nusu. Maduka mengi nayo hufunga kati ya saa saba na saa kumi. Fika mji wa chakula kabla ya saa saba. Agiza vincisgrassi, tambi za matabaka za huku, na mizeituni ya Ascoli iliyojazwa nyama na kukaangwa. Asiyekula nguruwe aulize, kwa sababu mara nyingi humo imo, na ciauscolo, soseji laini ya kupaka kwenye mkate, ni nguruwe mtupu. Sema "senza maiale", yaani bila nguruwe, watakuelewa.

Upande wa kusini, nenda milima ya Sibillini kupitia Montefortino na Montemonaco. Monte Vettore una mita 2,476. Njia ya Forca di Presta, iliyo juu ya mita 1,500, inakushusha kwenye uwanda wa Castelluccio, ambao tayari ni mkoa wa Umbria, na mashamba ya dengu huchanua pale kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Julai. Nenda siku ya kazi, mapema. Tetemeko la 30 Oktoba 2016 lilibomoa kijiji cha Castelluccio, na mwaka huohuo miji ya Arquata na Camerino iliumia vibaya. Ninaomba usipige picha nyumba za watu zilizoanguka. Nunua dengu zao, kula kwao, lala kwao.

Malizia Offida, ambako wanawake husuka lesi kwa vijiti juu ya mto wa kitambaa, na Ascoli Piceno, ambako uwanja wa Piazza del Popolo umetandazwa mawe ya travatini yanayong'aa baada ya mvua.

Kabla ya kurudisha gari, jaza mafuta Jumamosi. Vijijini vituo vingi Jumapili havina mhudumu, na mashine wakati mwingine hukataa kadi za nje, kwa hiyo uwe na noti za euro. Dizeli imeandikwa "gasolio", petroli ni "benzina". Kama ulipita barabara za changarawe, osha vumbi, zunguka gari zima ukilipiga picha, na matairi pia, ndipo ukabidhi funguo.