Somo: Kuunganisha Raspberry Pi na roboti ya Create 2 kwa waya wa seriali

Swali la "Pi yangu haiongei na roboti" nimelijibu mara nyingi mno, moja moja. Naliandika hapa kwa ukamilifu ili mwenye kuuliza nimwelekeze huku. Mimi natumia Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, na Create 2, roboti ya magurudumu ya iRobot.

Hatua ya 1. Roboti iwe imezimwa, Pi iwe inawaka.

Hatua ya 2. Ingia `sudo raspi-config`, sehemu ya seriali. Kataa konsoli (maandishi ya Linux yanayopita kwenye waya), kubali maunzi ya seriali, kisha washa upya. Ukiiacha konsoli, Linux itazidi kuongea kwenye waya huohuo na itakula baiti za roboti kabla programu yako haijaziona.

Hatua ya 3. Zima Pi. Anza na graundi (waya wa volti sifuri): pini 6 ya soketi ya roboti kwa pini 6 ya Pi. Namba zimelingana kwa bahati tu. Kisha TXD ya Pi (ya kutuma, pini 8) iende RXD ya roboti (ya kupokea, pini 3). Anayesema aunganishwe na anayesikia. Pini 1 na 2 za roboti ni betri ghafi, waya wowote wa Pi usifike huko.

Hatua ya 4. Waya wa kurudi: TXD ya roboti (pini 4) kwenda RXD ya Pi (pini 10). Someni hapa polepole, maana ndipo nilipoharibu. Roboti hutuma kwa volti 5, na pini za Pi mwisho wake ni 3.3. Mimi niliunganisha moja kwa moja. Kilichonipoteza ni kwamba roboti ilitii: ilikwenda, ikageuka, ikasimama. Nikiiuliza hali ya betri, kimya. Nilikesha siku mbili nikipekua programu. Mwishowe nikaichomoa roboti, nikaunganisha pini 8 na pini 10 za Pi kwa kipande cha waya, nikatuma herufi moja. Ilipaswa kunirudia. Haikurudi. Pini 10 ilikuwa imekufa, na Pi yenyewe inawaka kama kawaida.

Kwa hiyo weka rizista mbili. Ya kilo-omu 1 itoke pini 4 ya roboti, ya kilo-omu 2 iende graundi, na zinapokutana ndipo utoe waya wa Pi. KABLA ya kuugusisha waya huo kwenye Pi, washa roboti na upime hapo kwa multimita. Laini iliyotulia hukaa juu, kwa hiyo utasoma karibu 3.3. Ukisoma 5, rizista ya graundi haijashika. Ukisoma 1.7, umezibadilisha nafasi.

Hatua ya 5. Roboti iwe sakafuni. Fungua `/dev/serial0` kwa kasi ya 115200, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimamisha. Tuma baiti 128 (kufungua mawasiliano), kisha 131 (kuruhusu iendeshwe). 137 ni amri ya kuendesha: ukituma 137 0 100 128 0 itakwenda mbele milimita 100 kwa sekunde. Andaa mapema 137 0 0 0 0 ya kuisimamisha.

Hatua ya 6. Tuma 142 22 (142 ni kuuliza kihisi, 22 ni volti ya betri). Zitarudi baiti mbili, ya juu ikitangulia. Ukipata 63 na 22, hiyo ni 63 × 256 + 22 = milivolti 16150, yaani betri ina volti 16.15.

MASWALI

Swali: Mkuu, haifanyi kazi. Msaada.

Jibu: Umefika hatua ya ngapi, na multimita imesoma ngapi?

Swali: Sina multimita. Nimeunganisha TX kwa TX kama ulivyoelekeza.

Jibu: Sikuelekeza hivyo. Hatua ya 3 na ya 4, zisome tena. Na bila kipimo usiunganishe waya wa kurudi.

Swali: Ndugu, asante kwa somo. Yangu inatii vizuri, lakini nikiinyanyua kuiweka mezani halafu nikairudisha chini, haitembei tena, ingawa volti ya betri bado inajibu. Baada ya dakika kama tano hata hiyo inakoma. Ni waya?

Jibu: Umechunguza vizuri, ndugu yangu, na waya wako ni mzima. Amri 131 huiweka katika hali salama. Ukiinyanyua, magurudumu yanashuka, nayo inarudi hali tulivu: vihisi vinajibu, mota hazitii. Thibitisha kwa 142 35: 1 ni tulivu, 2 ni salama. Tuma 131 tena itatembea. Ikikaa tulivu dakika 5 bila kazi, inalala. Kuizuia, ivute pini 5 ya roboti chini (kwenye graundi) kwa muda mfupi kila baada ya dakika moja hivi. Tumia transista ya NPN: kolekta pini 5 ya roboti, emita graundi, besi kwenye pini ya Pi kupitia rizista ya kilo-omu 1. Ila roboti ikiachwa katika hali salama hailali kabisa, na betri itakwisha.

Swali: Adapta ya USB kwenda seriali je, badala ya pini za Pi?

Jibu: Inafaa, mradi iwe ya TTL (seriali ya volti ndogo kama ya pini hizi) inayovumilia volti 5. Ya RS-232 usiiguse, volti zake ni nyingine kabisa.

Mchango: Niongeze kwa wa USB. Ukiwa na adapta mbili, jina ambalo Linux huipa adapta hubadilika: leo ni ttyUSB0 kesho ttyUSB1. Fungua kwa njia iliyo ndani ya `/dev/serial/by-id/`, jina halibadiliki.

Jibu: Hiyo nzuri sana. Naanza kuitumia leo.