Picha za watu pale Mkunguni, Lamu

Nyinyi mnaopenda kupiga picha za watu pale Mkunguni mbele ya ngome, kitu kimoja tu, simu au kamera iache mfukoni nusu saa ya kwanza. Fika, toa salamu, kaa, agiza kahawa chungu, tazama bao likichezwa, mpaka wazee wakuzoee ndo uombe ruhusa, na ukiambiwa hapana basi ni hapana. Kina mama usiwapige kwa kuibia hata kwa mbali, na mtoto muulize mzazi wake kwanza.

Halafu mwanga. Saa sita jua la kwetu liko utosini, kofia inatupa kivuli cheusi na mzee anaonekana kama hana macho kabisa, kwa hiyo nenda asubuhi mapema au kuanzia saa kumi jioni. Ikibidi mchana, mtu akae ukingoni mwa kivuli cha ule mti wa mkungu uso ukielekea uwanja wazi, sio katikati kabisa, maana pale jua linapenya kwenye majani linamwaga madoa meupe usoni na hayo huyatoi hata kwa programu.

Na usikimbilie uso tu wallahi. Picha ninayoipenda mimi kuliko zote ni mkono wa mzee umeshika kete juu ya shimo, bado hajaamua aitie wapi, na nyuma ngome ya 1821 inaonekana kwa ukungu.

Ukishapiga, safisha kopi umpelekee mwenyewe. Mzee wangu yule kaitia mfuko wa kanzu, upande wa moyo.