Mafua ya mtoto yakigoma kuisha: usikimbilie chupa nyingine ya dawa

Mwanangu alipokuwa na miaka 4 alimaliza chupa 3 za antibayotiki ndani ya miezi 5. Kila mara makamasi yalikauka, wiki 2 baadaye yakarudi yaleyale, mazito, na maumivu ya sikio juu yake. Nilidhani dawa ni hafifu. Kumbe shina lilikuwa kwenye nyama za pua, yaani adenoidi, zilizojificha nyuma kabisa ya pua. Huzioni hata mtoto akiachama.

Ndoo ikikaa na maji siku nyingi, ndani huota utelezi. Maji unamwaga, utelezi unabaki. Bakteria walioshika juu ya adenoidi hujifunika utando wa namna hiyo. Dawa huwaua walio nje, waliomo ndani hunusurika, kisha huendea sainasi (mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso) au mrija unaounganisha sikio na nyuma ya pua. Ndiyo maana kurudia dawa ileile mara kwa mara hakufiki mbali. (Na mafua mengi ni ya virusi, ambavyo antibayotiki haivigusi. Mtoto mdogo kuyapata mara 6 hadi 8 kwa mwaka si ajabu.)

Anza kwa kuchunguza usiku. Akishalala fofofo, kaa kando yake dakika 10. Mdomo uko wazi? Anakoroma hata siku asizo na mafua? Mkoromo unakatika, kimya, halafu anashtuka akivuta hewa? Rekodi kwa simu. Video yangu ya sekunde 40 ilimfanya daktari aweke kalamu chini. Mchana, mwite kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma yake. Asipogeuka, huenda maji yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio. Mimi nilikuwa namgombeza kwa ukaidi, bado inaniuma.

Osha pua kwa maji ya chumvi ya duka la dawa, au chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, utie nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa mililita 250. Ainame mbele juu ya beseni, mdomo wazi, aseme "aaa". Sukuma maji polepole ndani ya tundu la pua kwa sirinji isiyo na sindano, ukielekeza upande wa sikio, si katikati ya pua. Siku ya kwanza atalia. Mwache ajisukumie mwenyewe, utaona anazoea. Moshi wa sigara usiingie nyumbani kabisa.

Video hiyo mpelekee daktari wa masikio, pua na koo. Muulize kuhusu dawa ya kupulizia puani, kusubiri (adenoidi husinyaa mtoto akikua) au upasuaji, ambao hupitia mdomoni bila kuacha kovu usoni. Lakini mbavu zikibonyea akipumua, midomo ikiwa ya bluu, au uvimbe ukitokea nyuma ya sikio au kwenye jicho, usingoje miadi: nenda hospitali saa hiyohiyo. Uchafu unaonuka kwenye tundu moja tu la pua? Huenda kuna shanga aliyojiingiza humo.

Wangu alifanyiwa upasuaji. Mafua bado anayapata, ila siku ya 8 yameisha.