Mvua ya mawe ikikukuta Timboroa

Wenye magari mnaopanda kutoka Nakuru kuelekea Kericho, au Eldoret kupitia Timboroa, msidhani barabara ya barafu ni shida ya Ulaya peke yake. Kericho na Nandi Hills ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na hunyesha sana alasiri. Ndani ya dakika chache lami inageuka nyeupe, na zile punje hujiviringisha chini ya tairi hadi gari linakosa mahali pa kushika.

Kosa kubwa ni kukanyaga breki kwa nguvu. Magurudumu yakifunga, usukani haukusikii tena. Achia mafuta polepole, shuka gia moja baada ya nyingine, uache injini ndiyo ipunguze mwendo. Gari likianza kuteleza, toa mguu kwenye breki, angalia unakotaka kwenda, kisha geuza usukani taratibu kuelekea huko. Kama lina ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kufunga, nawe ukalazimika kushika breki, pedali itatetemeka mguuni. Usishtuke, endelea kukanyaga.

Achia lori la mbele nafasi kubwa, hasa mteremko wa Sachangwan kushuka Salgaa, kwenye barabara hiyo ya Nakuru na Eldoret. Na tafadhali, usiweke gia huru pale kwa ajili ya kuokoa mafuta! Tairi kipara zibadilishe kabla ya masika.

Ikizidi, toka kabisa barabarani, uwashe indiketa zote mbili. Mvua ikikatika usikimbilie kuondoka, kwani barafu hukawia kuyeyuka kwenye kivuli cha miti.